Uzi Mdomoni mwa Heini

Heini alikuwa mbwa wa kibarazani. Ndivyo Mama Aganetha Rempel alivyoamua siku Liesbeth, mke wa mwanawe Isbrand, alipomleta kutoka kwa jirani ndani ya kapu la viazi, na katika kijiji cha Lichtenhof, huko Kanada, uamuzi wa Mama Aganetha haukuwa na rufaa. Mbwa ni wa kibarazani, paka ni wa zizini, mkwe ni wa jikoni. Liesbeth aliitikia "Sawa, Mama," kama alivyozoea kuitikia miaka kumi na sita. Halafu kila mchana, mama mkwe alipokwenda kujinyoosha, mlango wa kibaraza ulifunguliwa kidogo na mbwa akaingia jikoni kuilalia miguu ya mkwe huku mkwe akimenya viazi.

Hakuwa mbwa wa kujivunia. Miguu mifupi, rangi ya chai iliyozidi maziwa, sikio moja limesimama na la pili limekata tamaa. Lakini nyumba ile ilikuwa ya watu wa ngano, nguruwe na hali ya hewa. Mtu akiingia na kutoka hakuna anayeinua kichwa. Heini ndiye pekee aliyesimama Liesbeth alipoingia chumbani, akatikisa mkia na kiuno pamoja, kana kwamba amerudi kutoka safari ya mwaka mzima na si kutoka kuchota maziwa. Mtu ambaye hajawahi kukaa katika nyumba ambamo hakuna anayesimama yeye akiingia, asicheke hapo. Liesbeth aliletwa bibi arusi kutoka vijiji vya ndugu zao wa imani wa Meksiko, hakubahatika kupata mtoto, na mpaka leo akina mama wa kanisani walikuwa wakimtaja kama "yule wa Meksiko", utadhani amefika juzi na begi liko mlangoni.

Jumanne moja ya Oktoba akina mama tisa walikuwa sebuleni kwa Mama Aganetha wakishona mfarishi, lile blanketi nene la viraka lenye pamba katikati. Ungepelekwa mnadani Jumamosi, na kitakachopatikana kiende kwa wakimbizi. Mfarishi ulikuwa umetandazwa kwenye fremu iliyojaza chumba kizima, akina mama wameuzunguka, kila mmoja na subana yake ya kukinga sindano kidoleni, na juu ya kigoda kulikuwa na kisahani chenye kipande cha sabuni.

Sabuni hiyo ndiyo mwanzo wa maneno yote. Mfarishi ukiwa mnene sindano hugoma kupita, kwa hiyo wanawake wa Lichtenhof huichomeka kwenye sabuni kwanza, ikatoka inateleza. Nao hawatumii sabuni ya dukani. Wanatumia ya kupika wenyewe, ya mafuta ya nguruwe wanaochinjwa Novemba, ambayo hata ikikaa mwaka bado ina harufu ya sufuria la kukaangia. Wakipumzika huacha sindano zimechomekwa humo humo, uzi unaning'inia. Bibi zao walifanya hivyo, na bibi wa bibi zao. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyejiuliza mbwa anakionaje kisahani hicho.

Na sindano zilihesabiwa. Zamani, mfarishi wa Lichtenhof uliuzwa ukiwa na sindano ndani, ikamchoma mtoto wa mnunuzi pajani, ikaja barua. Barua yenyewe ilikuwa ya heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyomuuma Mama Aganetha kuliko matusi. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyetoka kwenye fremu yake kabla yeye hajahesabu kwa sauti. Wanawake tisa, sindano tisa.

Saa nne wakaenda jikoni kunywa kahawa na keki ya plamu. Tina Dueck, mwanamke mnene mwenye moyo mwema na mikono isiyofunga milango, alitoka kibarazani kufuata malai ya kutia kahawani, akarudi nayo akiimba. Walipomaliza kunywa, Mama Aganetha akatangulia sebuleni kama kawaida, na wengine wakamsikia akihesabu. "Saba. Nane." Akanyamaza kidogo. "Tisa. Haya, njooni, Jumamosi haitusubiri."

Liesbeth hakufika kwenye fremu. Alisikia kutoka nyuma ya kiti kikubwa sauti ya mtu anayejaribu kukohoa bila kusikika. Akainama. Heini alikuwa amejibana ukutani, mate yanamtiririka, anajikuna mdomo kwa mguu wa mbele, na pembeni mwa midomo yake unaning'inia uzi wa bluu, urefu wa kidole.

"Nani kamwingiza huyo humu?" akauliza Mama Aganetha.

Liesbeth alivuta kiti pembeni. Alipiga magoti, akamfunua mbwa mdomo taratibu. Uzi ulikuwa umepita chini ya ulimi, ukauzunguka, kisha ukashuka kooni na kupotelea huko. Akatazama kisahani. Sabuni ilikuwa na pengo la meno upande mmoja.

"Jamani, amemeza."

Basi kila mwanamke akawa daktari.

"Mpe mkate mkavu," alisema Tina Dueck, "mkate unafunika kila kitu. Mjomba wangu alimeza kifungo—"

"Mkate wa nini! Ile dawa ya kuoshea vidonda, ile inayotoa povu," alisema Katharina Harms, ambaye alijulikana kwa kutia dawa hiyo kila mahali isipokuwa kwenye vidonda. "Vijiko viwili kooni, atatapika hapa hapa. Nguruwe wetu je?"

"Nguruwe wenu alikufa, Katharina."

"Alikufa baadaye!"

"Kelele za nini?" alisema Mama Aganetha. "Ni uzi. Kaulamba kwenye sabuni, mroho huyu. Sindano ziko tisa, nimehesabu mwenyewe, mmenisikia. Uzi unavutwa, unatoka, mbwa anarudi kibarazani. Isbrand!"

Isbrand alikuwa ndiyo kwanza anaingia na ovaroli lake la mafuta, ametoka kufungua mashine ya kuvunia alizeti. Alikuwa mtu mwema, na wema wake wote ulikuwa umeegemea upande mmoja, wa mama yake.

"Vuta huo uzi, mwanangu, kahawa yako inapoa."

Isbrand akainama na vidole vyake vinene. Liesbeth akausukuma mkono ule kwa mkono wake. Si kwa nguvu sana, lakini kwa miaka kumi na sita hakuwahi kuusukuma hata kidogo, na chumba kizima kikaona.

"Usiuguse."

"Liesbeth, ni uzi tu. Mama kasema—"

"Nimemsikia Mama. Uguse huo uzi, Isbrand, halafu mama yako akupikie mpaka uzeeke."

Mtu mmoja alicheka kwa pua, akajifanya anapiga chafya. Mama Aganetha akageuka polepole.

"Unamwambia nani hivyo, mbele ya watu?"

"Ninamwambia mume wangu, Mama. Nyumbani kwa baba yangu paka alimeza uzi hivi hivi. Kaka yangu akauvuta. Kumbe uzi ulikuwa na sindano mwishoni, ikageuka ikamtoboa ndani. Paka alilia usiku kucha chini ya kitanda changu na asubuhi alikuwa mkavu. Huyu havutwi. Hapewi mkate wala povu. Atakayemgusa ataanza na mimi."

"Paka wa Meksiko," alisema Mama Aganetha.

"Paka wa Meksiko ana utumbo kama wa mbwa wa hapa."

Alimbeba Heini kwapani, akaenda kwenye simu ya ukutani, akampigia daktari wa mifugo mjini. Wanawake wakamfuata hadi mlangoni, na mfarishi wa wakimbizi ukabaki peke yake. Daktari Gurleen Sandhu alikuwa na sauti kubwa ya mtu anayezungumza na wakulima kutwa, na jiko zima lilimsikia.

"Usivute! Umevuta?"

"Sijavuta."

"Vizuri. Usimtapishe, kinachotoboa kikishuka kitatoboa na kikipanda. Usimpe chakula, usimpe maji. Usiukate huo uzi, unaweza kunionyesha njia. Mshike miguu asijikune, mlete sasa hivi. Na nisikilize. Daktari Fournier yuko hapa leo na ile kamera yake ya mpira, ya kupitisha kooni, lakini yuko mlangoni na koti mkononi, anarudi Winnipeg. Uzi peke yake ni shari ya aina yake. Ila kama kuna sindano, namvua koti sasa hivi. Kuna sindano au hakuna?"

Liesbeth alitazama sabuni, ambayo Tina Dueck alikuwa ameileta jikoni pamoja na kisahani bila kujua kwa nini. Sindano tisa, zimesimama. Uzi wa bluu kwenye nane. Ya tisa ilikuwa tupu.

Akageuka, simu mkononi, mbwa kwapani.

"Mama. Daktari anauliza. Sindano hizi ni zile zile tisa tulizoanza nazo asubuhi?"

"Nimesema ziko tisa."

"Sikuuliza ziko ngapi. Nimeuliza kama ni zile zile. Ndiyo au siyo."

Hapo jiko likawa baridi. Watu wa Lichtenhof hawaapi. Hata mahakamani, jaji akiwanyooshea kitabu, hutikisa kichwa na kueleza kwa upole kwamba ndiyo yao ni ndiyo na siyo yao ni siyo, na jaji huandika hivyo. Mtu anaweza kuzunguka, anaweza kukaa kimya, anaweza kukumbuka ghafla kuku wake. Lakini akiulizwa wazi ndiyo au siyo, kisha akajibu uongo, hana tena pa kukaa kanisani. Ndiyo maana swali lenyewe huulizwa na mchungaji tu, na nadra. Halikuwahi kuulizwa na mkwe, jikoni, kwa mwanamke aliyehesabu sindano za kijiji kwa miaka ishirini.

"Liesbeth," Isbrand alinong'ona, "inatosha."

"Haijatosha. Mama, nasubiri. Na Daktari anasubiri."

Mama Aganetha alifungua mdomo. Mkono wake ukapanda wenyewe hadi kifuani, kwenye ukingo wa aproni, pale anapochomeka sindano zake za akiba, ukakaa hapo. Katharina Harms akatazama viatu vyake. Tina Dueck alianza kulia, kwa sababu alikuwa amekumbuka mlango wa kibaraza aliouacha wazi. Na yule mama mzee, ambaye neno lake halikuwahi kukosa pa kutua, hakusema ndiyo.

"Kuna sindano, Daktari," alisema Liesbeth. "Mvue koti."

Akakata simu, akachukua funguo za pikapu kwenye msumari.

"Ngoja nikuendeshe," alisema Isbrand.

"Kanywe kahawa yako."

Alimlaza Heini kwenye kiti cha mbele akazunguka kwenda kushika usukani. Alipofungua mlango wake, akakuta mlango wa pili umefunguliwa tayari. Mama Aganetha, na aproni yake na viatu vya ndani, alikuwa anajipandisha kwa shida. Akamchukua mbwa mapajani, akambana miguu ya mbele kwa mikono yake miwili.

"Ulichoambiwa ni ashikwe miguu," alisema. "Mikono yako miwili ina usukani. Endesha."

Barabara ya changarawe ilinyooka katikati ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Liesbeth alikanyaga mafuta mpaka mawe yakagonga chini ya gari.

"Punguza."

"Sipunguzi."

Mama Aganetha hakurudia. Heini alijaribu kutapika mara mbili, na mara zote mbili yule mzee alimwinamisha kichwa na kumfuta mate kwa aproni, bila kuugusa uzi. Liesbeth aliona hayo kwa pembe ya jicho na hayakumlainisha. Alikuwa na hasira, na alishangaa jinsi hasira hiyo ilivyomkaa vizuri. Aliogopa pia. Aliogopa kwamba amemshinda mama mkwe jikoni na kwamba bado atarudi nyumbani mikono mitupu.

Daktari Sandhu aliwapokea mlangoni, akamchukua mbwa kama mtu anayepokea mkate wa moto, akatoweka naye. Baada ya dakika chache akatoka na kuwaita waione eksirei. Katikati ya mbavu, palipo peusi, kulikuwa na mstari mweupe ulionyooka, mwembamba, usio na ubishi.

"Iko mlangoni mwa tumbo. Imekwama kwa sababu uzi umejifunga kwenye ulimi, umeizuia isishuke. Mtu angevuta, ingeingia kwenye ukuta wa njia ya chakula, na ukuta wenyewe uko karibu na moyo. Nani kakataza kuvuta?"

"Mimi," alisema Liesbeth.

"Basi umetupa nafasi. Siwaahidi kitu. Daktari Fournier atashuka na kamera kwa kuufuata uzi. Ikiwa imeshatoboa, tutampasua, na kwa kupasua ni nusu kwa nusu. Kaeni pale."

Pale palikuwa na benchi moja. Walikaa, mmoja huku na mwingine kule, na katikati yao nafasi ya mtu. Ukutani kulikuwa na picha ya ng'ombe aliyekatwa nusu kwa rangi, akionyesha matumbo yake manne. Mama Aganetha alimtazama ng'ombe huyo muda mrefu.

"Niliona pengo," alisema mwishoni.

Liesbeth hakugeuka.

"Kwenye sabuni. Niliporudi kuhesabu. Nane. Nikamwona nyuma ya kiti anajilamba. Nikajua. Nikasema, ni mbwa. Ikipita itapita, isipopita ni mbwa. Lakini wakijua sindano imepotea kwa Aganetha Rempel, wataufumua mfarishi wote, na Jumamosi hakuna kitu, na maneno yataanza upya. Nikachomeka ya kwangu. Nikamwambia Isbrand avute. Nilikuwa najua, na nikamwambia avute."

Nyuma ya mlango kitu cha chuma kiliwekwa juu ya meza. Wote wawili wakageuza vichwa kusikiliza, lakini hakuna kilichofuata.

"Nimekosa, Liesbeth. Nisamehe."

Aliyasema wima, mikono juu ya aproni iliyolowa mate ya mbwa, kama yanavyosemwa kanisani. Na kwa watu wale maneno hayo yana jibu lake. Mtu akiomba anapewa, papo hapo, mkono unatolewa, na kesi inafungwa. Atakayeifungua tena ndiye mkosaji mpya. Liesbeth alikuwa ametoa jibu hilo mara nyingi. Alilitoa kwa lile neno la siku ya harusi kuhusu supu yake. Akalitoa mwaka wa tano, kwa yale yaliyosemwa mezani kuhusu shamba lisiloota kitu, alipokuwa amesimama na bakuli mkononi na wageni wakitazama sahani zao. Kila mara jibu lilimtoka mdomoni kabla halijafika popote, kama "sawa, Mama." Na kila mara aliyesamehewa alitoka ameshiba na aliyesamehe alibaki na njaa.

Mama Aganetha alikuwa amenyoosha mkono. Ulikuwa mkono wa kizee, wenye alama za sindano kwenye kila ncha ya kidole. Liesbeth aliuona. Alimhurumia. Akauacha hapo hapo ulipokuwa.

"Leo sina, Mama."

"Huna nini?"

"Msamaha. Leo sina."

"Mtu akiomba anapewa, Liesbeth. Unajua."

"Najua. Na nikiwa nao nitakuletea mwenyewe, hutanidai. Lakini sitakupa wa mdomoni. Nimekupa wa mdomoni miaka kumi na sita na tazama ulivyotufikisha."

Yule mzee alirudisha mkono mapajani. Alionekana mdogo kwenye lile benchi, na viatu vyake vya ndani vilikuwa na matope. Liesbeth alingoja ile aibu ya zamani imjie, ile ya kumjibu mkubwa, imsukume mpaka amgeukie na kumwambia basi, Mama, yamekwisha. Haikuja. Alikaa na kungoja mbwa wake.

Saa ya ukutani ilimaliza mzunguko mzima na kuanza mwingine. Hatimaye mlango ukafunguliwa. Daktari Fournier, mtu mrefu mwenye uso uliochoka, alisimama na kibakuli cha bati mkononi, na ndani yake sindano imelala na uzi wake wote wa bluu.

"Imetoka nzima, hakuna tundu," alisema. "Anaanza kuamka, amelewa dawa, anatafuta mtu. Aingie mmoja tu. Mwenye mbwa."

Mama Aganetha akainuka. Hakukusudia ubaya. Ilikuwa mazoea tu, miguu ya mtu ambaye maisha yake yote ameingia wa kwanza kila mlangoni, na wengine wakafuata.

"Kaa, Mama," alisema Liesbeth.

Na Mama Aganetha akakaa.